Tundu la Paka

Bibi Turubai hakupewa jina hilo bure. Katika kitalu cha mimea adimu alichokisimamia, kila kitu kilifunikwa: miche, mbolea, mapipa ya maji, na hata wifi yake aliyekuwa akimwagilia hapo alilazimishwa kuvaa kofia pana.

"Siku nikisinzia utanifunika na mimi," wifi mtu alizoea kumtania.

Lakini kwenye chumba cha mwisho utani ulikoma. Humo mlikuwa na mimea miwili, na ya aina ile ilikuwa imebaki hiyo tu. Msitu ilikotoka ulikwisha geuka machimbo ya kokoto. Bibi Turubai ndiye aliyeing'oa kwa mikono yake chini ya miti mikubwa, kabla matingatinga hayajafika.

Hapo kwanza ilikuwa mitatu. Ule wa tatu aliuondolea neti yote ya kukinga jua kwa mpigo, mchana kweupe, akitumaini utachanua. Kufika jioni majani yalikuwa yamebabuka, na hayakupona. Aliulilia kama mtu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: miwili iliyosalia akaiwekea neti mbilimbili.

Ikanawiri, hilo tusimnyime. Majani mapana, kijani cha kupendeza. Maua, ng'o! Na bila maua hakuna mbegu, na bila mbegu kizazi kizima kingeishia mle chumbani, ndani ya vyungu viwili.

"Ipe jua kidogo, wifi."

"Niliikuta gizani, nitailea gizani."

"Uliikuta saa ngapi?"

Bibi Turubai alirudi kukaza neti. Msituni alikuwa akienda alasiri, baada ya kazi, jua limekwisha jificha nyuma ya mlima. Asubuhi hakuwahi kuiona.

Kisha mguu ukamuuma, akalala nyumbani wiki kadhaa, kitalu kikabaki kwa wifi. Siku aliyorudi, kabla hata ya kusalimia, alikwenda chumba cha mwisho. Juu ya mmea wa kulia palianguka kiduara cha mwanga. Neti zote mbili zilikuwa zimetoboka! Akachomoa sindano na uzi mfukoni, akapanda kwenye kigoda.

"Paka huyo," wifi alisema haraka mno. "Siku hizi analala juu ya neti."

Bibi Turubai aliinama kutazama kama majani yameungua. Hayakuungua. Katikati yake palikuwa na tumba la ua, dogo kama punje ya mtama. Akapapasa ukingo wa tundu. Ulikuwa laini, bila hata uzi mmoja uliochanika.

"Tangu lini paka akashika mkasi?"

Wifi aliangalia ndoo yake. "Nilitoboa juu ya mmea huo mmoja tu. Wa pili niliogopa. Ukiungua, ningekutazamaje?"

Hasira ilimpanda Bibi Turubai, ikafuatwa na aibu, kisha hofu ikazimeza zote mbili. Alijua jambo ambalo wifi hakulijua: ua la mmea ule halizai peke yake, hutaka chavua ya mwenzake. Wa pili usipochanua nao, tumba lile lingenyauka bure. Na ukiungua, basi tena.

Alishuka. Sindano akairudisha mfukoni. Akakivuta kigoda hadi kwenye mmea wa kushoto, akapanda tena, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Lete huo mkasi wa paka."