Kipande cha Pili cha Msandali

Jokha aliviunguza vipande viwili kati ya vitatu, na ukimsikia akisimulia, wala hajitetei. Siku ile alikuwa na wageni wanawake kutoka Nizwa, udi umemwishia ndani, na mtoto wa jicho ameshamfunga macho hata tundu la sindano halioni. Yaarub, kijana wa nyumba ya pili, aliyekuja likizo kutoka chuo cha kilimo huko Perth, Australia, alimpa kifurushi mlangoni akasema kinatoka kwa Thuwaini, kaka wa mumewe. Jokha akafungua, akanusa. Msandali! Sasa niambie, ni mwanamke gani wa Unguja, au wa Ibra hii ya Omani, atakayepewa mti unaonukia hivyo akadhani una kazi nyingine? Akavichanja kwa kishoka, akavitia kwenye chetezo, na wageni wakasifu mpaka wakachoka.

Mumewe, Mahrous, alikuwa Sinaw kwenye soko la Alhamisi akiuza bakora. Aliporudi alasiri harufu ilimlaki tangu nje.

"Leo kuna harusi humu?" aliuliza.

"Kuna kubwa zaidi. Thuwaini kakutumia sandali. Miaka ishirini hatujapata neno lake, leo kakukumbuka. Kimebaki kimoja, nimekuwekea."

Mahrous alikichukua. Kilikuwa kipande chembamba, urefu wa shibiri, kimerandwa pande zote nne. Akakipeleka mwangani, akaona mwandiko wa penseli, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na juu yake tarakimu ya mbili. Akakaa chini palepale kizingitini.

Mahrous ni mkereza, fundi wa kuzungusha mti kwenye kerezo na kuuchonga, na baba yake alikuwa mkereza. Katika duka lao Malindi, Unguja, walikuwa wakikereza matendegu ya vitanda. Thuwaini alipasua miti, Mahrous akakereza. Baba hakutaka mazungumzo kazini, basi Thuwaini akazoea kumwandikia mdogo wake juu ya mti. Kwanza kipimo na jina la mwenye kitanda, chini yake maneno ya ndugu wawili: mzaha, siri, mara nyingine matusi. Mahrous akishasoma hutia patasi, na maneno yakaanguka chini pamoja na unga wa mti. Hakuna aliyewahi kuyajua ila wao.

"Jokha," alisema, "umeniunguzia barua."

Alipomweleza, mwanamke alijipiga kifuani. "Ya Rabbi! Mimi sikuona kitu, wallahi sikuona." Alikimbilia chetezo, akatia vidole katika majivu kama kwamba angeweza kuokota herufi mle. Mahrous alimwacha. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, maana utamlaumu vipi mtu asiyeona?

Walimwita Yaarub. Alikuja mbio, akaamkia shikamoo, akasimama.

"Vilikuwa vimeandikwa nini?" Mahrous alimuuliza.

"Sikuvisoma, ami. Alivifunga mwenyewe. Tulijuana msikitini, yeye alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la miti. Huu ni msandali wa kulekule, mti mdogo wa nyika, unaishi kwa kunyonya mizizi ya miti mingine. Kanambia, mdogo wangu anikerezee kalamu."

"Hakusema zaidi?"

"Hawezi kusema, ami. Ana saratani, wamemtoa koo. Husema kwa kuandika tu." Yaarub akainamisha macho. "Madaktari hawampi muda mrefu. Na mimi narudi Jumatatu."

Basi Mahrous alijifungia katika kibanda chake cha kukerezea na kile kipande. Alikisoma siku mbili, nacho hakikuongeza neno: *…nikatoka jela nikasikia kwa watu kwamba mliningoja pale bandarini mpaka maji yakaanza kupwa. Neno hilo ndilo lililonishika mkono ugenini miaka yote hii. Sasa*

Mti ukaisha hapo. Lililofuata baada ya *Sasa* lilikuwa kwenye kipande cha tatu, na cha tatu kilishakuwa moshi katika buibui za wanawake wa Nizwa.

Jumamosi Jokha aliingia na birika la kahawa, akipapasa ukuta.

"Nisomee tena," alisema.

Akamsomea.

"Mimi naona unajitesa bure. Mtu aliyeandika hivyo hana kinyongo. Anajua tulimngoja. Hilo la mwisho ni msamaha, au ni salamu, zote heri. Kereza kalamu, bwana, mtoto aondoke nayo."

Mahrous alitua kikombe. Kwa siku mbili alikuwa amejidanganya kwamba anakililia kipande cha tatu, kumbe kilichokuwa kikimchoma ni hiki alichokuwa nacho mkononi.

"Bi Jokha, hatukumngoja."

"Tulimngoja. Mimi nilikuwa ndani ya chombo na mama yako. Tulikaa mpaka maji yakaanza kupwa."

"Wewe ulikaa chini, hukuona. Nahodha alikuwa tayari kungoja mpaka alfajiri. Bunduki za Mapinduzi zilikuwa zikilia mjini, na mimi niliogopa. Niliogopa, Jokha. Nikamwambia nahodha, ndugu yangu ameshauawa, nimeletewa habari sasa hivi, ng'oa nanga. Hakuna aliyeniletea habari yoyote. Na maji yalikuwa bado yanajaa."

Uso wa Jokha ulikuwa umeelekea mlangoni, ambako alikuwa haoni ila weupe wa jua.

"Mimi ndiye niliyelitangaza hilo," alisema mwisho. "Dar es Salaam, Sur, Maskati, kila msiba na kila harusi. Tulimngoja, tulimngoja. Limekwenda mpaka likamfikia alipotoka jela. Na mama kafa akiliamini. Sasa unataka nini? Afe akijua kwamba uongo wetu ndio uliomshika mkono?"

"Sijui."

"Unajua. Ungekuwa hujui usingeniambia."

Mahrous aliona kweli kaambiwa. Angeweza kupeleka kalamu tupu na salamu, na mgonjwa akafa ametulia. Pengine huo ndio ungekuwa wema. Lakini msamaha wowote uliokuwa katika kipande cha tatu ulikuwa wa mtu aliyengoja, na mtu huyo hakuwa yeye.

Alikitoboa kipande kwa kekee kutoka ncha hadi ncha, akakifunga kwenye kerezo, akawasha mota. Patasi ilipogusa, harufu ikajaa kibanda, na maneno yakatoka moja moja, bandari, maji, mkono. Mti ulikuwa mgumu, wenye mafuta, rangi ya asali. Aliupiga msasa, akaupaka nta, akautia mrija wa wino wa kalamu ya dukani. Kisha akavuta karatasi, akaandika, akasita, akaandika tena kidogo. Jokha alikuwa bado amekaa palepale, kahawa imempoa mapajani.

"Umeandikaje?" aliuliza. "Nisomee."

"Ndugu yangu Thuwaini," Mahrous alisoma. "Hatukukungoja."