Theluthi ya Wavuta Mbao

Usiku wa jana niliota gogo la paini limeketi kwenye kiti cha msimamizi wetu, limevaa miwani, linatuita mmoja mmoja. Mimi ni mvuta mbao huku Mafinga: nasimama nyuma ya msumeno, ubao ukitoka naupokea. Tuko watatu bandani, mimi, Kaduma na Sanga. Mwaka wa saba huu tunakula ugali sahani moja.

"Kamwene," gogo linanisalimia Kihehe.

"Kamwene, bosi." Heshima si utumwa, hata kwa gogo.

Linafungua karatasi. "Utabiri wa ajira, mkoa mzima. Vibarua wa mbao na karatasi watapungua kwa theluthi moja."

"Tutapunguzwa lini?"

"Sasa hivi. Kila mtu alete theluthi yake. Wewe tuanzie magotini?"

Nageuka kukimbia. Banda limekuwa kiwanda cha karatasi, mashine zinajiendesha zenyewe, mtu hakuna hata wa kumwuliza njia. Nafungua mlango wa kwanza ninaouona, najikuta nimelala chali mezani, msumeno unanguruma miguuni. Niliogopa, sifichi.

"Ubao ukishaumwa na msumeno hauvutwi nyuma," gogo linanikumbusha. Ni kweli, sheria hiyo nimewafundisha vibarua wangapi mimi mwenyewe.

"Hakuna namna nyingine, bosi?"

"Ipo. Theluthi ya watu watatu ni mtu mmoja mzima. Nitajie jina, ninyi wawili mbaki na magoti yenu."

Kaduma yuko kwenye foleni, kashika kofia yake, ananitabasamia. Ndiye aliyeniombea kazi hii. Ana watoto wanne. Mimi ninao watano, nikajipa sababu hiyo.

"Kaduma," nikasema. Tena nilisema haraka, kabla hajaulizwa mwingine.

Gogo likaandika. Msumeno ukazimwa. Kaduma akavaa kofia yake, akatoka bila kuuliza kitu.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshapanda, mke wangu anakoroga uji. Nikapapasa miguu, mizima yote. Nikamshukuru Mungu, nikacheka peke yangu kama mwehu.

"Baba Vumilia, simu yako imelia," mke wangu akasema.

Ulikuwa ujumbe wa Kaduma: "Ndugu yangu, kwa nini umenitaja mimi?"