Sebule ya Kijani na Vitunguu Ishirini

Asiyesikia la mkuu hupata sebule ya kijani. Ndivyo alivyojiambia fundi cherehani, juu ya stuli, brashi mkononi, uso madoadoa kama kanga.

Mkuu mwenyewe alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, fundi rangi wa miaka kumi na tisa, asiyeweza kuingia nyumba ya watu bila kupitisha kidole ukutani na kuguna. Alikuwa amemcheka mbele ya ukoo mzima.

"Wewe Sindano, kazi yako vifungo. Ukuta haushonwi!"

"Nitapaka mwenyewe, shemeji. Na mama akija Jumamosi, hatasikia harufu wala kuona tone."

"Akisikia au akiona, utaniomba radhi. Mbele ya watu, magoti chini."

"Na asiposikia?"

"Nitavaa gauni utakalonishonea, nitembee nalo mpaka sokoni!"

Gauni lilishonwa usiku uleule. La maua, mikono ya puto.

Jumamosi ikafika, mama mkwe yuko njiani. Matone ya sakafuni aliyakwangua kwa wembe wa kufumulia nyuzi. Ya vioo aliyafuta kwa mafuta ya taa. Moja sugu, lililong'ang'ania mlango kama kupe, akalishonea pazia. Ukuta nao akaupima kama anavyopima pasi: akalamba kidole, akagusa mara moja, juu, karibu na dirisha. Pakavu. Akaridhika.

Ikabaki harufu, nayo ilikuwa na mdomo: ilijitangaza mpaka barabarani. Jirani alikuwa amemwambia kwamba kitunguu kilichokatwa hunyonya harufu, kimoja chumba kizima. Kama kimoja kinatosha, ishirini je? Akavikata vyote, akavipanga katika sahani chini ya viti, akafunga madirisha ili vinyonye vizuri.

Mumewe aliingia, akavuta pumzi moja, machozi yakamtiririka.

"Mke wangu, umefanya nini?"

"Unasikia rangi?"

"Sioni hata mlango nilioingilia!"

Shemeji naye akaja, shati jeupe la ushindi, pua mbele. Hatua tatu tu, akaanza kulia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Basi mama mkwe alipofika kizingitini, mkoba kwapani, aliwakuta wanawe wawili, watu wazima wenye ndevu, pamoja na mkwe wake, wanalia na kupenga kamasi.

"Nani?" akauliza, akiwatazama mmoja mmoja. "Niambieni tu. Nani?"

Mume wa fundi cherehani alitaka kujibu, kwikwi ikamkaba.

"Uwiii! Kaka yangu! Nilimwambia asipande ngazi na goti lile!" mama mkwe akapiga yowe.

Mkoba chini, mikono kichwani. Majirani wakamiminika. Kila aliyeingia kuuliza alibaki kulia, na kwa wingi wao wakajibanza ukutani, chini kule, mbali na dirisha, ambako kidole hakikufika.

Katikati ya kilio akatokea mjomba, kaka huyohuyo wa mama mkwe, ambaye nyumba yake iko mtaa wa pili, mzima kama kigingi. Aliona umati, macho yakamchoma, naye akaangua kilio.

"Jamani, nani amekufa?"

Sebule nzima ikamgeukia.

"Wewe!" akasema dada yake.

Ilibidi madirisha yafunguliwe ili watu wapate pumzi ya kucheka. Walipogeuka kuondoka, kila mgongo ulikuwa wa kijani, na hakuna ulioiva kama wa shemeji.

"Miaka kumi na tisa," akasema fundi cherehani, "na umeegemea rangi mbichi?"

"Piga magoti, Sindano! Umemuua mjomba, umeniharibia shati. Omba radhi!"

Fundi cherehani akamgeukia mama mkwe. "Mama, ulisikia harufu ya rangi?"

"Mwanangu, mimi nilisikia kitunguu. Mpaka sasa nasikia kitunguu."

"Na tone, uliliona?"

"Ningeona nini, na macho haya?"

Fundi cherehani akalitoa gauni nyuma ya mlango, akalikung'uta, akamtundikia shemeji begani.

"Vaa. Soko halijafungwa."

"Na radhi yangu?"

"Ya nini, shemeji? Ukuta ulikuwa mbichi, mmeukausha wenyewe kwa migongo yenu. Siombi."