Kipimo Alichokitaka Mavyaa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda zamu, muuguzi alimpima presha mavyaa wake, mama wa mumewe, na kwa miaka mitatu hakuambulia hata ahsante. Bibi yule wa miaka sabini na minne, mwenye ulimi wa wembe, alimnyooshea mkono kama anayemtupia mbwa mfupa. Presha ikipanda, akaambiwa ameze vidonge na apunguze chumvi, huuliza ugonjwa gani huo usiomuuma kichwa wala kumtia kizunguzungu. Muuguzi alimweleza kwa upole kwamba maradhi hayo hayabishi hodi; hukaa kimya miaka, kisha hupasua mshipa wa ubongo kwa siku moja. Bibi akawaambia wageni kuwa mwanawe hakuoa mke, kaoa kipimo, na kwamba mwanamke asiyeshika mimba miaka tisa hukosa la kuhesabu ila pumzi za wenzake.

Muuguzi aliyameza yote. Lililomkwama ni lile la jioni moja, mbele ya mawifi.

"Hesabu zako unazitia chumvi, mwanangu," alisema bibi, "mchuzi wangu ndio huutii."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mumewe naye akacheka.

Kulipokucha, mkanda ukajaa upepo, ukabana, ukalegea. Mia moja tisini na nane kwa mia moja na kumi. Muuguzi aliitazama namba ile kwa muda.

"Ngapi leo, mtia chumvi?"

"Mia na ishirini na tano kwa themanini, Mama. Kama msichana."

Uso wa bibi ukakunjuka. Akamwita "binti yangu", akamwombea heri kwa Mola, na vidonge akavifungia kabatini. Muuguzi alikusudia uongo wa siku moja tu, apate kupumua. Lakini sifa ni tamu kwa aliyekaa na njaa yake. Kesho yake akasema vilevile, na keshokutwa, huku namba ikizidi kupanda, naye akisikia bibi akimsifu kwa jirani kuwa sasa ameingiwa na adabu.

Siku ya sita kikombe kilimponyoka bibi mezani. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalala, maneno yakageuka mate.

Hospitalini, kando ya kitanda cha bibi, daktari aliuliza kama mgonjwa alikuwa akitumia dawa. Mume akajibu kuwa aliziacha kwa sababu presha ilikuwa nzuri wiki nzima. Mkewe ni muuguzi, ndiye aliyempima. Daktari akasema mambo kama hayo hutokea, kadari haina mlango wa kufungwa. Mume akamwekea mkewe mkono begani, akamshukuru kwa kumtunza mama yake. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, ilimtosha muuguzi kunyamaza.

"Jana ilikuwa mia mbili na tano," alisema muuguzi. "Haikuwa nzuri hata siku moja. Nilimdanganya."

Mkono wa mume ukabaki begani kama kitu kilichosahauliwa, kisha ukaondoka.

Bibi alikuwa amenyang'anywa ulimi, si masikio. Mkono wake mzima, wa kushoto, ulikuwa kiganjani mwa mkaza mwana wake, yule muuguzi. Akauchomoa, kidole baada ya kidole. Akaja muuguzi wa wodi, msichana asiyejua lolote, na mkanda wake na salamu zake nzuri. Bibi akauficha mkono chini ya shuka, akaung'ang'ania huko, wala mwanawe hakuweza kumbembeleza autoe.