Dirisha la Jana Asubuhi

"Usiguse kitu kwanza," fundi wa kompyuta alimwambia kwenye simu ya mkononi. "Mshale umeganda au unazunguka?"

"Unazunguka."

"Basi bado ina uhai. Subiri."

Mpokea simu wa kituo cha magari ya wagonjwa alisubiri, mikono mapajani. Madereva walimwita Taratibu, kwa kuwa ndilo neno alilowaambia wote waliompigia wakilia. Walidhani ana moyo wa chuma. Wangejua jinsi alivyoogopa kila kompyuta yake ilipokwama, jina hilo wangempa mtu mwingine.

"Sasa fungua ile orodha niliyokuonyesha," fundi alisema. "Cha juu kabisa ndicho kinachokula memori nyingi. Ni nini?"

Alijua hata kabla ya kusoma. "Ni dirisha la simu. La jana, saa tatu kasoro robo asubuhi."

"La jana? Dada yangu, kila dirisha limebeba ramani yake na sauti yake iliyorekodiwa, halafu hilo umelichezesha mara ngapi? Memori yenyewe ni chumba kimoja, wewe umelaza ukoo mzima. Memori mpya niliyoagiza haijafika. Funga usichokihitaji."

"Nitafunga," alisema, akakata simu. Hakufunga.

Pale kituoni dirisha la mgonjwa halikufungwa mpaka dereva aseme amefika hospitali. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Taratibu aliikuta kwa waliomtangulia, na aliyefunga mapema alitazamwa kama mtu aliyemfunika mgonjwa shuka hadi usoni. Tena kompyuta haikukubali kufunga bila sababu. Ilitoa maneno matatu uchague moja: Amefika. Amekataa. Hakupatikana.

Jana yule mama alikuwa na sauti ya uzee, na ya mtu asiyependa kusumbua watu. "Mwanangu, samahani. Nimeanguka, siwezi kusimama. Niko peke yangu. Nyumba ya nyuma ya tangi la bluu..." Simu ikakatika. Taratibu alipiga namba ile mara kumi na tisa, ilikuwa imezimwa. Gari lilitumwa kwenye tangi la bluu la upande wa sokoni, likarudi tupu. Matangi ya bluu mji mzima yalikuwa mengi kuliko misikiti na makanisa. Alisikiliza sauti ile mpaka akaijua hata pumzi zake, na nyuma ya pumzi kulikuwa na kitu kikigonga, koko-ko, kinanyamaza, koko-ko. Alidhani ni simu mbovu. Usiku hakulala.

Simu ya mezani ililia.

"Jamani, nisaidieni. Mimi kinyozi. Mteja wangu ameteleza kwenye kiti, amelala chini, midomo inageuka rangi."

"Taratibu, kaka. Anapumua?"

"Anakoroma. Sijui kama huko ndiko kupumua."

"Mgeuze ubavu. Duka lako liko wapi?"

"Nyuma ya kiwanda cha magodoro, barabara ya vumbi. Nimehamia juzi tu, hata jina la mtaa sijalishika."

Alibonyeza dirisha jipya. Likajitokeza nusu, jeupe, bila ramani. Mshale ukaanza kuzunguka, kisha ukaacha hata kuzunguka. Redio ya madereva nayo ilipita kwenye kompyuta hiyohiyo, na kuizima na kuiwasha kulichukua dakika kumi na moja. Meza ya pili ilikuwa na kompyuta iliyokufa tangu mwezi uliopita. Alikuwa peke yake na sauti ya kinyozi sikioni.

"Dada, upo?"

"Nipo. Weka mkono kifuani kwake, uniambie kama mkono unapanda na kushuka."

Alifungua orodha; ilichukua muda wa mtu kufa. Akafunga kikokotoo, akafunga ratiba ya zamu, akafunga madirisha mawili ambayo madereva walisahau kusema wamefika. Mshale ukasogea kidogo, ukasimama. Juu kabisa ya orodha lilibaki lile moja.

"Haupandi vizuri," kinyozi alisema. "Dada, haupandi."

Akabonyeza. Yakaja maneno matatu. Mara ya kwanza kidole chake kilikosea. "Nisamehe, mama," alisema, na kinyozi akauliza mama gani. Akachagua: Hakupatikana.

Dirisha likatoweka. Ramani ikafunguka palepale, na gari dogo jekundu likaonekana mitaa miwili tu kutoka kiwanda cha magodoro.

"Breki! Nyuma ya magodoro, duka la kinyozi, mtu hapumui vizuri."

"Naenda," alijibu dereva wake redioni, Mzee Breki, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuwahi kuonekana akizikanyaga.

"Kaka, gari linakuja. Toka mlangoni ulipungie mkono, urudi haraka."

Kinyozi aliiacha simu wazi na kutoka. Mlango ukafunguka, kelele za nje zikaingia. Koko-ko. Kimya. Koko-ko.

Taratibu akaibana simu sikioni.

"Kaka," alisema kinyozi aliporudi, "hicho kinachogonga huko nje ni nini?"

"Hao? Mafundi wa masanduku ya bati. Wanagonga tangu asubuhi mpaka jua litue. Dada, gari limefika, wanaingia."

Mteja alifika hospitali akipumua. Mzee Breki alipolitamka neno "amefika", Taratibu alilifunga dirisha lake vizuri, kwa haki. Kioo kilibaki kitupu, chepesi, na utupu ule ukamtisha kuliko mkwamo.

"Mzee Breki," aliita. "Yule mama wa jana."

"Wa tangi?"

"Pale kwa mafundi bati, nyuma ya duka la kinyozi. Kuna tangi la bluu?"

"Sikuangalia, mwanangu. Nilikuwa naangalia barabara." Akavuta pumzi. "Tangu jana, peke yake... Unajua tunaweza kukuta nini."

"Najua."

"Haya. Nageuza."

Hakuandika chochote wala hakugusa mshale. Alisikiliza injini, kisha bati likigongwa, mbali, karibu, karibu zaidi. Injini ikazimwa. Mlango wa gari ukafungwa.

"Tangi lipo," sauti ya Mzee Breki ilisema, chini kuliko kawaida yake. "Lina nyumba moja nyuma. Mlango umerudishwa tu. Nakuachia redio wazi."

Taratibu alifungua dirisha jipya. Lilikuja mara moja, na ramani yake, na nafasi tupu ya kuandika jina. Akaweka vidole juu ya vibonye, akaziba sikio la pili, akawasikia mafundi bati wakinyamaza mmoja mmoja, na mkono wa Mzee Breki ukibisha.

"Hodi," Mzee Breki alisema. "Hodi, mama."