Mbarika Kwenye Tarumbeta

Kitendawili! Koo langu la shaba, vidole vitatu vinanikanyaga kichwani, nikipakwa vibaya nanyamaza. Mmeshindwa? Ni tarumbeta, wajukuu zangu, ile iliyonikosanisha na mama mkwe.

Mwaka wa hamsini na nane nilikuwa muhiki, bibi arusi mgeni, hapa Ruiru. Mume wangu Bedan alipiga tarumbeta ya kanisa, na aliipenda kuliko chakula. Basi Wamalwa, mwalimu wa bendi, akatangaza: "Siku ya mavuno kule Thika, atakayekwama akipiga ataiacha tarumbeta."

Jumamosi moja mama yake Bedan, Wakonyo, akaja na kibuyu cha mafuta ya mbarika, yale ya kupaka watoto na maharusi.

"Maitu, mama yangu, hayo ni mazito," nikamwambia. "Vile vifungo vitatu vya kubonyeza vitashikana. Vinataka mafuta mepesi, ya cherehani."

"Atiriri! Cherehani? Kwani mwanangu ni shati? Hata wewe nilikupaka mbarika ulipoingia hapa. Ulikwama?"

"Si nimekwama na wewe!"

Mdomo wangu ule! Bedan akakohoa, akatoka kuangalia mbuzi. Hatukuwa na mbuzi.

Wakonyo akaipaka tarumbeta, akaenda. Nikavitoa vile vifungo, nikaviosha kwa mafuta ya taa kwenye karai, nikavikausha, nikavitia ya cherehani kutoka chupa yangu, matone mawili mawili.

Kesho yake kwa mazoezi, mimi na Wakonyo tukisikiliza, tarumbeta ikalia vizuri ajabu. Wamalwa akauliza, "Bedan, nani anakutunzia hii?"

Bedan akanitazama. Akamtazama Wakonyo.

"Ni mama."

"Umesikia, wewe wa cherehani?" Wakonyo akaniambia mbele ya watu wote.

Jumamosi iliyofuata kibuyu kikarudi. Wakonyo alipomaliza kupaka na kwenda, nikalitazama karai, nikaitazama chupa yangu. Halafu nikaenda shambani kuchuma mboga.

Siku ya mavuno kule Thika, kwenye ubeti wa pili, kifungo kilishuka kikakataa kupanda. Tarumbeta ikalia kama mbuzi aliyekabwa. Watoto wakacheka. Wamalwa akanyoosha mkono tu, Bedan akampa.

Njiani Wakonyo akanipigia kelele, "Umeiroga!"

"Mimi sijaigusa, Maitu. Leo ilikuwa mbarika yako peke yake."

Bedan akasimama. Akanigeukia polepole, nikaona ameelewa. Hakunisemesha tena mpaka maharagwe tuliyopanda mwezi ule yakaiva.