Kilo Moja ya Korosho kwa Kamati ya Usaili

Alhamisi moja ya Novemba 2003, Rabia alikuwa amekaa uani kwao Ruangwa anabangua korosho. Bati lenye matundu lilikuwa juu ya mafiga, mikono ameipaka majivu ili mafuta ya maganda yasimbabue, na mbele yake daftari limewekewa jiwe lisifunuliwe na upepo. Alikuwa anakariri majibu ya usaili. Anagonga ganda kwa kipande cha mti, anatoa korosho ingali ya moto, anasema: "Udhaifu wangu ni kwamba napenda kazi hadi nasahau kupumzika." Anagonga nyingine, anarudia.

Nafasi yenyewe ilikuwa ya karani wa masjala katika ofisi moja ya hapo mjini, ambayo haitatajwa jina, inajijua. Tangazo lilisema mwombaji asizidi miaka thelathini na mitano. Rabia angetimiza thelathini na sita Januari. Alishaitwa mara tatu, hii ya nne ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Mara ya kwanza, mwaka 1998, mwenyekiti wa kamati, Bwana Gaudens, alimwuliza: "Baada ya miaka mitano unajiona wapi?" Rabia akajibu kwamba anajiona afisa masjala mwandamizi. Miaka mitano imekwisha, na yeyote anayetaka kujua yuko wapi angemkuta palepale kwenye mkeka, vidole vyeusi. Inachosha, jamani. Mtu mzima anaulizwa swali, anajibu kwa adabu, halafu hakuna hata mmoja anayerudi kuangalia jibu liliishia wapi.

Kwamba majibu yalikuwa yanaingia kwenye korosho ilijulikana kesho yake. Konda wa basi la Lindi alinunua kifuko stendi, akatafuna mbili tatu, abiria akamwuliza wanaondoka saa ngapi. Konda akasema, "Naomba kazi hii kwa sababu naamini katika kutunza siri za ofisi." Abiria akasema sawa, lakini wanaondoka saa ngapi. Konda akameza, akajibu saa mbili.

"Korosho ya moto inashika," alisema mama yake, Bi Mwamina, mtu wa Chinongwe, aliyebangua tangu mdogo. "Hata harufu ya mafuta ya taa inashika. Wewe kutwa unaisemea, ulitegemea nini?"

Jumamosi mhudumu wa ofisi akaja kununua kilo moja ya kamati, maana kamati hukaa kutwa nzima na haiwezi kukaa na njaa. Rabia akamwuzia. Angefanya nini? Ndizo zilizokuwepo.

Jumatatu aliingia wa saba. Mezani walikuwa Bwana Gaudens na katibu wake, Bi Magreti, na kati yao sahani ya korosho iliyofika nusu. Bwana Gaudens akatafuna, akauliza, "Kwa nini unaomba kazi hii?" Rabia akafungua mdomo.

"Kwa sababu," akaendelea Bwana Gaudens mwenyewe, "naamini katika kutunza siri za ofisi."

Bi Magreti akaandika alama tisa. Kisha akauliza udhaifu, akatia korosho mdomoni, akaeleza kwamba anapenda kazi hadi anasahau kupumzika. Walikwenda hivyo dakika ishirini. Majibu yote yalikuwa ya Rabia, mpaka pale anapopenda kuvuta pumzi, ila yeye hakupata upenyo wa kusema hata neno moja.

"Umejieleza vizuri," Bwana Gaudens akamwambia. "Tutakujulisha."

Koridoni akamkuta Stefano, mpwa wa Bwana Gaudens, anajaribu funguo za masjala kuona upi unafungua kabati lipi. Usaili wa Stefano ulikuwa Jumatano. "Shikamoo, dada," akasema, akasogea kidogo ampishe. Rabia akaitikia marahaba, akaenda zake. Moyoni alikuwa na hasira ambayo hakujua aiweke wapi.

Jioni mhudumu akarudi, kamati inataka kilo nyingine. Rabia akachana kurasa za daftari, akawashia moto. Safari hii kila korosho aliyoitoa aliisogeza karibu na mdomo, akaiambia: "Kazi hii ina mwenyewe, ni mpwa wangu Stefano. Hawa wengine tumewaita fomu zijae."

"Sema polepole, mwanangu," mama yake akamwambia. "Zishike vizuri."

Jumatano Rabia alikaa na beseni lake barazani, chini ya dirisha la kamati. Ndani alikuwamo mwombaji mwingine, Zena, aliyetoka Mnero alfajiri. Bwana Gaudens alimwuliza baada ya miaka mitano anajiona wapi, akatafuna, na kwa sauti ileile akasema kazi hii ina mwenyewe, ni mpwa wangu Stefano, hawa wengine tumewaita fomu zijae. Bi Magreti akaliingiza hilo kwenye muhtasari wa kikao, akapiga mstari chini.

Zena akauliza kama aendelee.

"Endelea tu," akasema Bwana Gaudens. "Fomu haijajaa."

Zena akasema anajiona afisa masjala mwandamizi. Nje, waliokuwa kwenye benchi walisikia kila kitu. Wakaweka kola sawa, wakasogea nafasi moja mbele. Stefano aliingia wa mwisho, akakaribishwa korosho, akasema neno kwa neno kwamba kazi ina mwenyewe, ni mpwa wake Stefano. Alipewa alama kumi kwa kujiamini.

Muhtasari ulisomwa, ukathibitishwa, ukagongwa mhuri na kubandikwa ubaoni. Watu waliusoma wakipita kwenda sokoni. Jumatatu iliyofuata Stefano akaanza kazi, na Januari Rabia akatimiza thelathini na sita.

Februari mhudumu akaja tena uani. Kulikuwa na usaili wa dereva, kamati inaomba kilo mbili, na mwenyekiti amesisitiza ziwe kama zile za Jumatano, maana siku ile walimaliza mapema.

Rabia akaweka bati motoni, akapaka majivu mikononi.

"Haya," akamwambia mhudumu. "Nitajie jina la mpwa."